Koti la Harusi za Wakubwa

Fundi Shekue wa Pangani alizoea kujicheka kwamba Mungu alimpa mikono ya kulimia na ulimi wa kushonea. Asubuhi ya harusi, Bi Mwanaidi, tajiri aliyeogopwa mtaa mzima, alikuja kuchukua gauni la mkwewe.

“Tayari, mama,” alisema Shekue. “Ila koti la kuvaa juu yake sikushona. Hilo ni la harusi za wakubwa.”

Bi Mwanaidi alifura. “Kwani mimi mdogo? Lishone sasa hivi!”

“Lina masharti, mama. Halivuliwi mpaka bibi harusi afike kwa mumewe.”

“Nimekwambia shona!”

Shekue alishona koti la hariri, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, akalishikiza kwenye gauni kwa nyuzi. Ukumbini wanawake walipiga vigelegele, wakausifu hata ule mkono mrefu.

Kesho yake Bi Mwanaidi alirudi. “Fundi, mkwe wangu kavua koti, kakuta tundu kubwa mgongoni mwa gauni.”

Shekue aliitupia jicho pasi ya mkaa, ile aliyoisahau juu ya gauni alipokwenda kucheza bao.

“La hewa hilo, mama. Koti la wakubwa lina joto.”

“Hata mimi nilimwambia hivyo hivyo,” alisema Bi Mwanaidi.