Kakakuona Achagua Mlango

Hadithi, hadithi! Masikio yenu hayachoki, na mimi maharage yangu yanaungua jikoni. Haya, kaeni. Wewe, toa kidole puani.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na milango ya makomeo, Fisi alijenga kibanda cha fito uani kwake, akamfungia Kakakuona ndani. Kakakuona haonekani ovyo. Wengine huzeeka hawajamwona. Basi wanyama wakamiminika, kila mmoja na mfupa wa kiingilio.

Lakini Kakakuona alijikunja, magamba nje, akawa duara. Hali, hanywi.

"Fisi!" akafoka Mama Ngiri. "Nimebeba mfupa mlima wote huu nije kutazama jiwe?"

"Turudishie mifupa yetu!" wengine wakadakia.

Sange, yule mdogo mwenye pua ya mrija, alikuwa jirani yake Kakakuona. Akaona huyu akikaa humo atakufa njaa. Akaenda, tapu tapu tapu.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Kiingilio?"

"Mzee, Kakakuona huwekewa vitu achague, tujue mwaka utakuwaje. Akigusa maji, mvua. Unga, shibe. Mkuki, vita. Kwenu hawakukufundisha?"

"Walinifundisha!" Fisi akadanganya. "Nilikuwa... nangoja watazamaji wajae."

"Basi viweke mwenyewe, ndani kabisa, kisha umpe mgongo. Mwenye nyumba akimkodolea macho, hafunguki."

Fisi huyo! Akaingia na maji, na unga, na mkuki. Akaongeza na mfupa, mroho yule. Akageukia ukuta, matako kwa wageni.

Kwaru... kwaru... kwaru. Kakakuona akajikunjua. Akapita maji. Akapita unga. Mkuki akaukanyaga.

"Amechagua nini?" Fisi akauliza, uso ukutani.

"Mlango," akasema Sange. Kacha! Komeo likaingia.

"Nifungulie, we kijipua!"

"Karibuni!" Sange akapaza sauti. "Mnyama adimu kuliko Kakakuona: fisi mwenye mfupa mbele yake na hana hamu ya kula!"

Walicheka mpaka Nyumbu akakaa chini.

Ukitaka kumtazama mwenzio, ngoja akukaribishe kwake.

Na Fisi? Hakufunguliwa mpaka mifupa ya viingilio iliporudi kwa wenyewe. Ile aliyokwisha kuitafuna aliilipa kwa kukaa humo atazamwe, mfupa mmoja kwa siku moja.

Na alikuwa ametafuna mingi.