Joho Moja la Kemilembe

Hapo zamani, na simaanishi zamani ile ya sungura kuvaa suruali, bali zamani ya juzi tu ambayo hata mimi nilikula pilau lake, palikuwa na binti wa Muleba aliyeitwa Kemilembe. Sogeeni basi. Na wewe unayechezea simu, iweke chini, maana mwishoni nitakuuliza.

Kemilembe alilelewa na bibi yake, Ma Kokugonza, kwenye kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Akafaulu, akaenda chuo kikuu kusomea sayansi ya mimea. Akiwa hukohuko, ugonjwa wa mnyauko ukaingia kibanjani. Majani yakawa manjano, ndizi zikaoza mgombani. Binti akaapa, "Nitasoma mpaka uzamivu, nijue ugonjwa huu unatembeaje."

Lakini kazi hiyo ilitaka mtu anayejua mimea na takwimu pia, na njia zilikuwa mbili. Asome masomo yote mawili palepale kwenye shahada ya kwanza, halafu aende moja kwa moja kwenye uzamivu. Au amalize mimea peke yake, asome uzamili wa takwimu, ndipo aende kwenye uzamivu. Njia fupi yenye mzigo mzito, au njia ndefu yenye mzigo wa kubebeka. Binti akakosa hata hamu ya kula.

Akaenda kwa mjomba wake, Ta Byabato, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mtu wa ubishi na chai ya rangi. Mjomba akasema, "Soma yote mawili! Kichwa cha kijana hakichoki. Likizo njoo kwangu, hesabu nitakufundisha mwenyewe."

Akaenda kwa mhadhiri wake, Daktari Mshangama, mama asiyecheka ovyo. Mhadhiri akasema, "Soma moja, ulimalize vizuri. Uzamili utakuja. Nimeona wengi waliobeba mawili wakayaangusha yote."

Akaenda kwa bibi. Bibi akasema, "Mjukuu wangu, hayo mimi siyajui. Ninachojua, migomba yangu inakufa. Chagua unachochagua, ila urudi."

Akachagua njia ya mjomba. Na mjomba hakuwa mtu wa maneno matupu. Kila likizo aliegemeza ubao barazani akamfundisha. Hesabu zilipomshinda yeye mwenyewe, alikwenda shule ya sekondari, akaomba kukaa nyuma ya darasa, akajifunza kwanza, ndipo akarudi kumfundisha mpwa wake. Mtu mzima na mvi zake, kabanana na vijana wa kidato cha sita! Nampenda sana mzee yule kwa hilo.

Hata hivyo mzigo ukamzidi binti. Akafeli mimea, akafeli takwimu, ikabaki kidogo adisko, arudishwe nyumbani na begi lake. Muleba nzima ikamgeukia mjomba. "Byabato kamharibia mtoto masomo." Sokoni hivyo, kanisani hivyo, msibani hivyohivyo. Mzee akaacha hata kwenda harusini.

Nani akasimama? Daktari Mshangama. Angeweza kusema, "Si nilikwambia?" Hakusema. Aliingia kwenye kikao cha kitivo akamwombea binti aache takwimu, arudie mimea peke yake. Mkuu wa kitivo akamwambia, "Akianguka tena, tutakuuliza wewe." Akajibu, "Niulizeni." Kemilembe akarudia, akafaulu, na mhadhiri huyohuyo akamtafutia nafasi ya kuomba uzamili wa takwimu.

Sasa sikilizeni vizuri. Walioomba nafasi ile wengi walikuwa na alama nzuri kuliko zake. Wakaitwa kwenye usaili, wakaulizwa hesabu, wakababaika. Kemilembe akajibu zote, hesabu zilezile za barazani kwa mjomba. Akachukuliwa.

Uzamili ukaisha, uzamivu ukaanza. Utafiti ukataka kibanja kilichougua, nusu ing'olewe, nusu iachwe, waone ugonjwa unakwenda wapi. Kila mwenye shamba akakataa. Nani akubali kung'olewa mgomba alioukuta alipozaliwa? Ma Kokugonza akasema, "Ng'oeni yangu." Wakang'oa mpaka ule uliopandwa na marehemu mumewe mlangoni. Ikawa bibi anakwenda sokoni kununua ndizi. Mama wa Kihaya, mwenye kibanja chake, ananunua ndizi! Wenzake walimcheka waziwazi. Yeye alinunua, akapika, akala.

Njia ya ugonjwa ikajulikana, migomba mipya ikapandwa, ikasimama. Ikazaa. Na Kemilembe akaitwa daktari.

Ikafanyika sherehe kubwa, turubai, ngoma, matoke ya kibanjani kwa bibi mwenyewe. Na katika ukoo ule, msomi akirudi na joho, hulivua mbele za watu akamvisha mtu aliyemfikisha. Mtu mmoja tu, maana joho halikatwi vipande.

Kemilembe akasimama mbele ya viti vitatu. "Asanteni," akasema. "Mjomba, asante. Mwalimu, asante. Bibi..." Akashika kifungo cha joho, akakiachia. Mshereheshaji akaokoa jahazi: "Basi wenyewe waseme!"

Mjomba akasema, "Njia yangu ilikuangusha, sikatai, na nimesemwa vya kutosha. Lakini walipokuuliza hesabu, ulizitoa wapi? Bila mimi ungebabaika kama wenzako."

Mhadhiri akasema, "Hesabu zako, Mzee Byabato, nakushukuru nazo. Lakini mtu aliyefukuzwa chuo haitwi kwenye usaili. Bila mimi angekuwa nyumbani."

Bibi akasema, "Ninyi wasomi mmemfundisha kuhesabu migomba, Mungu awabariki. Iliyohesabiwa ilikuwa yangu. Bila mimi angehesabu nini?"

Watu wakapiga makofi kwa mjomba, wakapiga kwa mhadhiri, wakapiga kwa bibi, kila mara kwa nguvu ileile. Kemilembe akavua joho jekundu, akalishika kwa mikono miwili, akapiga hatua.

Nilikuwa karibu, niliona. Mjomba alivuta kola ya koti lake, akawatazama waliokuwa wakimsema. Mhadhiri alishusha mkanda wa mkoba begani, akauweka miguuni. Bibi alivua mtandio, akaukunja taratibu, akaulaza mapajani. Hakuna aliyemtazama mwenzake, na wote walikuwa wakitabasamu.

Joho ni moja, na mabega yote yalikuwa tayari. Haya, wewe wa simu, anza wewe. Je, nani alistahili?