Warsha ya Siku Moja Kando ya Mfereji

Hapo zamani za kale, watoto wangu, zamani hasa, wanyama walipokuwa na serikali yao, ofisi zao na chai yao ya saa nne, palikuwa na pimbi mmoja jina lake Bi Mashavu. Mnamjua pimbi? Ni mdogo, hafiki hata nusu ya mbwa, hana mkia wa maana, na akikaa juu ya jiwe utadhani ni jiwe jingine lililoota manyoya. Basi ndiye huyo.

Bi Mashavu alikaa mlimani, kwenye majabali, na watoto wake wanne na mama mkwe wake. Maji yao yalishuka kwa mfereji kutoka chemchemi ya juu. Siku moja, gubu! Jiwe kubwa likaporomoka, likakaa katikati ya mfereji, likaziba. Halikupita hata tone, na maji yaliyokwama nyuma yake yakatokomea kwenye korongo refu ambako hata pimbi hafiki.

Pimbi wote wa mlima ule walisukuma. Walisukuma kwa mikono, kwa migongo, na kwa matusi. Jiwe halikuwajali.

Na hata kama wangeliweza, sheria ilikataza. Mfereji ulikuwa mali ya serikali, asiuguse mnyama yeyote bila kibali chenye muhuri wa Idara ya Maji. Kwa hiyo Bi Mashavu akaandika barua, akaipeleka mwenyewe idarani, mwendo wa kutwa nzima.

Mapokezi alimkuta Kanga, amekaa peke yake, anapanga barua za watu.

"Hodi!"

"Karibu, mama. Una shida gani?"

"Mfereji wetu umeziba. Namtaka mkurugenzi."

"Mkurugenzi Tembo yuko semina."

"Mhandisi je?"

"Mhandisi Kifaru yuko semina."

"Basi nipe huyo mwenye muhuri."

"Bi Kiboko? Yuko semina. Na muhuri kaondoka nao. Huwa hauachi."

"Semina ya nini?"

Kanga akatazama karatasi ukutani. "Ya namna ya kuwahudumia wananchi kwa haraka."

Bi Mashavu akaacha barua yake, akarudi nyumbani.

Wiki iliyofuata akaja tena. Wakubwa walikuwa kwenye semina ya kutunza muda, na ilikuwa imeongezwa siku mbili. Akaja mara ya tatu. Safari hiyo walikuwa wanajengewa uwezo.

Sasa niambieni nyinyi. Tembo yule, anayeng'oa mti kama anachuma mchicha. Kifaru yule. Kiboko yule. Wanajengewa uwezo gani tena, uende ukakae wapi? Mimi jambo hili hunikera kila ninapolisimulia, lakini wacha niendelee.

Kule mlimani hali ilikuwa mbaya. Alfajiri watoto walilamba umande kwenye majani, na jua likitoka umande nao ukaisha. Kitindamimba wake alikuwa hata halii tena. Midomo ilikuwa imempasuka, ananyamaza tu na kumtazama mama yake.

Mama mkwe akasema, "Mashavu mwanangu, chukua watoto uhame. Mimi niache hapa."

"Nikuache vipi, mama?"

"Hata kichaka kile sifiki kwa miguu hii. Wewe nenda."

Bi Mashavu alishikwa na uchungu, akalia. Alipomaliza kulia akakasirika. Na alipomaliza kukasirika akashuka mlima mara ya nne.

"Kanga mwanangu," akasema, "hebu niambie. Wakubwa hawa wakialikwa semina, huuliza ni nani anayewaalika?"

"Hawaulizi."

"Huuliza nini?"

"Mambo mawili tu, mama. Kama kuna chai ya saa nne, na kama kuna cheti."

"Nipe karatasi."

Akaandika palepale, kwa mwandiko wa kunyooka: mwaliko wa warsha ya siku moja, mada ni Mbinu Shirikishi za Kutatua Changamoto za Wananchi kwa Vitendo, mahali ni Mlima wa Majabali kando ya mfereji. Chai itakuwapo. Vyeti vitatolewa.

Kanga akaisoma, akainua shingo. "Na mwezeshaji ni nani?"

"Andika Mtaalamu Mshauri M. Pimbi."

Kanga akaandika. Hakucheka, maana alikuwa kazini.

Basi, watoto, ofisini wale wakubwa hawakuwahi kufika kabla ya saa tatu. Siku ya warsha, saa moja na nusu walikuwa wamekwisha kaa, kila mmoja na daftari jipya. Bi Mashavu akapanda juu ya lile jiwe lililoziba mfereji ili aonekane.

"Washiriki hoyee!"

"Hoyeee!" Mlima ukatikisika.

"Karibuni. Tuanze kwa kujitambulisha. Jina, cheo, na tunda unalolipenda."

Mkurugenzi akasimama. "Naitwa Tembo, Mkurugenzi wa Maji. Napenda ng'ong'o."

"Bi Kiboko, Afisa wa Vibali. Tikiti maji."

"Kifaru, mhandisi. Sina tunda."

"Lazima uwe na tunda, mhandisi," akasema Bi Kiboko.

"Sina!"

Wakabishana juu ya tunda la Kifaru mpaka jua likapanda. Mwishowe ikakubaliwa kwamba ni ukwaju. Kisha wakachagua viongozi. Tembo akawa mwenyekiti, Bi Kiboko katibu, na Kifaru mtunza muda. Akapewa kengele, ngri ngri ngri, akafurahi sana.

"Na matarajio yenu ni yapi katika warsha hii?" Bi Mashavu akauliza.

"Chai," akasema Tembo.

Bi Kiboko akaandika: moja, chai. Wakafikiri sana, lakini la pili halikupatikana.

"Vizuri. Zoezi la kwanza. Hii hapa barua ya mwananchi. Isomeni, muijibu. Dakika kumi."

Ilikuwa nakala ya barua yake mwenyewe, ileile iliyolala idarani siku arobaini. Bi Kiboko akaisoma kwa sauti, akafika katikati, akaisogeza karibu na macho.

"Mbona kama nimewahi kuiona barua hii? Ilikuwa mezani kwangu. Chini ya kikombe."

Moyo wa Bi Mashavu ukapiga, du, du, du. Kumbukeni, juu ya jiwe lile alikuwa amesimama mnyama ambaye Kiboko angeweza kumkanyaga na asijue kwamba amekanyaga kitu.

"Ndiyo ubora wa mfano, mama," akajibu taratibu. "Mfano mzuri ni ule ambao mshiriki anahisi amewahi kuuona."

"Kweli kabisa," akasema Tembo, akaliandika neno hilo daftarini na kulipigia mstari.

Ngri ngri! Dakika kumi zimekwisha. Jibu likasomwa: Ombi limekubaliwa, mfereji ufunguliwe leo hii.

"Hongereni! Zoezi la pili ni igizo. Bi Kiboko ataigiza afisa anayegonga muhuri."

"Nitaigizaje?"

"Kama kawaida yako, mama."

Bi Kiboko akatoa muhuri kwapani, akagonga juu ya lile jibu kwa aibu kidogo. Pwa.

"Aaa, huo ni wa kuigiza mno. Igiza kama wa kweli."

Pwaaa! Wino ukaruka mpaka kwenye pembe ya Kifaru. Wote wakapiga makofi, na Bi Kiboko akainama kuwashukuru. Bi Mashavu akakikunja kibali, akakihifadhi vizuri.

Hapo Tembo akatazama jua. Akatazama birika. Akatazama jua tena.

"Mwezeshaji, naona saa nne imefika."

"Imefika, mheshimiwa. Ila kuna changamoto ndogo."

Wote watatu wakashika kalamu, maana neno changamoto walilipenda.

"Birika lipo," akasema Bi Mashavu. "Majani ya chai yapo, sukari ipo, kuni zipo. Maandazi haya hapa. Yasiyokuwapo ni maji."

"Yako wapi?"

"Nyuma ya jiwe hili nililosimama."

Kifaru akakuna sikio. "Mtanisamehe kama nakosea. Jambo hili si la Idara ya Maji?"

"Ni la kwetu," akasema Tembo. "Tungekuwa ofisini tungelishughulikia. Bahati mbaya tuko semina."

"Bahati mbaya kweli," akasema Bi Kiboko.

Nawaambieni, Bi Mashavu alikaribia kulia mbele za wageni. Amewapata wote watatu, amewaleta mpaka kwenye jiwe lenyewe, nguvu zote za serikali zimekaa hapo na madaftari, na jiwe liko palepale! Kutoka kwenye ufa wa jabali alimwona kitindamimba wake amelala, kichwa kwenye mapaja ya bibi yake. Akameza mate, japo hakuwa na mate ya kumeza.

"Basi nimefanya haraka kuwaambia," akasema. "Hilo ndilo zoezi la tatu."

"Zoezi?" Tembo akauliza.

"Zoezi."

"La vikundi?"

"La vikundi, mheshimiwa."

"Ala! Si ungesema mapema!" Tembo akasimama. "Kama ni zoezi, hilo ni jambo jingine. Gawanyeni vikundi!"

Wakagawanyika vikundi vitatu, kila kikundi mshiriki mmoja. Kila kikundi kikachagua mwenyekiti. Kisha kazi ikaanza, na kazi yenyewe, watoto, ilikuwa kazi. Kifaru akaingiza pembe chini ya jiwe, akachimbua udongo, chaku, chaku, chaku! Bi Kiboko akajitosa ndani ya mfereji mkavu, vumbi likaruka, puu! Tembo akaweka paji la uso kwenye jiwe, akajikaza.

"Ngoja kwanza!" Kifaru akapiga kelele. "Zimebaki dakika tano!"

"Sukuma!"

"Ng'riii... ng'riii... ng'riii..."

GUBU!

Jiwe likabingirika mlima mzima mpaka bondeni, na maji yakaja nyuma yake, shwaaaaa! Yakamzoa Bi Kiboko, yakachukua madaftari mawili na kengele, yakapita.

Pimbi wakatoka kila ufa wa jabali. Wakubwa kwa wadogo, wakajilaza ukingoni, wakanywa. Bi Mashavu alimbeba kitindamimba wake mwenyewe, akamchovya mdomo majini. Mtoto akanywa, akapumua, akanywa tena, kisha akalia kwa sauti kubwa kama mtoto mzima wa afya. Mama yake hakuwahi kusikia kilio kitamu namna ile.

"Washiriki wengi kweli," akasema Tembo, akiwatazama pimbi. "Hawa nao watapata vyeti?"

"Hawa ni wasikilizaji tu, mheshimiwa."

Ikafuata mrejesho wa vikundi. Kila kikundi kilisimama kikasema, "Sisi tulisukuma," kikapigiwa makofi. Chai ikanywewa, tena mara mbili. Vyeti vikatolewa, Tembo akambusu mwezeshaji kiganja kwa ncha ya mkonga. Mwisho zikagawiwa fomu za tathmini, na mkurugenzi akaomba kutoa maoni ya jumla.

"Kwa niaba ya wenzangu," akaanza, "nakushukuru, Mtaalamu Mshauri. Chai ilikuwa nzuri. Muda ulikuwa mfupi, tungependa siku tatu. Ila kuna dosari moja, na utaniwia radhi nikiitaja."

"Itaje tu, mheshimiwa."

"Zoezi la tatu. Lile la jiwe. Lilitupendeza, tumetoka jasho, hatukatai. Lakini halina uhusiano wowote na kazi zetu za kila siku. Siku nyingine utafute mifano inayofanana na mambo ya Idara ya Maji."

Kifaru na Bi Kiboko wakatikisa vichwa kukubali.

"Nimepokea, mheshimiwa," akasema Bi Mashavu, wala uso wake haukucheza.

Wakateremka mlima kwa msafara, vyeti mkononi, wamelowa mpaka masikioni. Mama mkwe akasogea polepole mpaka ukingoni, akaketi, akatia miguu yake mibovu majini.

"Mashavu mwanangu, na wale wakubwa wamejifunza nini?"

"Sijui, mama. Wewe kunywa maji."

Hapo ndipo hadithi ilipoishia, na fundisho ni hili: mkubwa akikataa kazi yake kwa sababu ni kazi, mwambieni ni zoezi.