Muhuri wa Nyumba ya Wagonjwa

Hapo zamani, katika mji mmoja wa mawe, palikuwa na Sultani aliyejenga nyumba ya wagonjwa. Kila mgonjwa alifungwa kengele mkononi, ili pumzi ikimbana akatapatapa, ilie na tabibu aje. Ikawa siku moja kengele mbovu haikulia, mtu akafa. Sultani akahuzunika, akaamuru kwamba mgonjwa asiangaliwe na chochote kisichopimwa na Waziri na kupigwa muhuri wake. Amri ilikuwa njema, ila muhuri ulikuwa ghali kuliko ng'ombe wa maziwa. Basi matajiri wakalala na kengele salama, na maskini wakalala bila kengele, nao kwa hesabu ya Waziri walikuwa salama zaidi, maana kengele isiyokuwapo haiharibiki.

Shaweji, fukara mchunga mbuzi wa watu, alifiwa na mkewe humo, tabibu akiwa chumba cha pili. Akamzika, akamshukuru Mungu kwa alichompa na alichotwaa. Lakini mama mkwe wake, Bi Mwanatumu, alipolazwa kwa maradhi yale yale, Shaweji alimvua beberu njuga, akamfunga mkwewe mkononi. Njuga ikalia, tabibu akamwahi. Shaweji akakamatwa.

Waziri akamwuliza kama ana hakika njuga ya mbuzi haitakosea. Akajibu kuwa hana, ila ana hakika mkono mtupu hautalia.

Sultani akakasirika. "Wewe mpumbavu waifanyia amri yangu mzaha. Basi itekeleze mwenyewe. Chochote kimwangaliacho mgonjwa bila muhuri, kiondoe kabla ya alasiri. Ukisaza kimoja, wewe na mkweo mtauhama mji huu."

"Nimesikia, nami natii, maulana."

Akaanza kwa mkwewe, akaivua njuga, moyo ukimwuma. Kisha akawaendea kina mama waliowapepea watoto wao, na mzee aliyemsomea nduguye Yasini. Akamtazama kila mmoja kipaji cha uso, asione muhuri, akamtoa kwa adabu. Ua ukajaa watu na mikeka yao. Ndipo akapanda ghorofani, alikolala binti wa Sultani, na Sultani mwenyewe ameketi kando, amemshika mkono.

Shaweji akainama, akamkagua uso na viganja. "Niwie radhi, maulana. Sioni muhuri. Tafadhali utoke."

"Mimi ni baba yake."

"Naam, na walio uani ni mama na ndugu wa wagonjwa wengine. Baba naye husinzia, maulana, na hakuna aliyekupima."

Waziri akanong'ona kwamba kengele ya binti ina muhuri, yatosha. Sultani akaitazama kengele, akamtazama mwanawe, asiinuke. Kisha akauliza taratibu, "Wataka kengele zisipimwe?"

"Zipimwe, maulana. Yangu ianze, na ikishindwa niitupe. Lakini hazina ndiyo ilipe, na anayengoja muhuri afungwe iliyopo, mtu akae naye."

Sultani akaridhia, na njuga ikarudi mkononi mwa Bi Mwanatumu siku ileile. Waziri, uso umemshuka, akauliza ni nani basi atakayewapima hao wakaao.

"Hao, Mheshimiwa, amekwisha kuwapima Mwenyezi Mungu kwa misiba."

Sultani akacheka, mara ya kwanza tangu binti augue, akaagiza watu wote warudi ndani. Na aliyewabebea mikeka yao alikuwa Waziri.