Gari la Mama Namsifu Lilipopoteza Sauti

Aliyebadili mlio, aanze yeye salamu. Ndivyo shangazi yenu Nakunda alivyomwambia Heriel sasa hivi, nanyi nyote mkaangua kicheko. Heriel kanuna pale pembeni, kisa katoka Dodoma baada ya miaka minne, ana ndevu na miwani, na tangu asubuhi hakuna aliyemkaribisha. Mnaniuliza maneno hayo yalitoka wapi. Makande bado hayajaiva, kwa hiyo nitawaambia, ila msinikatize. Mimi sikuyasikia kwa mtu. Kosa lililoyazaa nililifanya mwenyewe, kwa mikono hii.

Chanzo chake basi ni hiki.

Mnamjua Mama Namsifu, mjane wa marehemu Kajiru. Marehemu alimwachia pikapu kuukuu ya kijani, ya dizeli, ya gia za mkono. Watu wakamwambia auze. Hakuuza ng'o! Alijifunza kuendesha, akawa anabeba tangawizi za akina mama wa huku mlimani na kuzishusha gulioni Same kila Jumanne na Ijumaa. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Mwanamke kushika usukani kwenye kona zetu hizi lilikuwa jambo geni siku zile. Sisi wanaume tulikuwa tukitoka nje kumtazama akipita, halafu tunajifanya tunaangalia kama mvua itanyesha.

Sasa, gari lile lilikuwa na sauti yake. Ekzosi, lile bomba la moshi, ilitoboka tangu enzi za marehemu, na Mama Namsifu akifika Kona ya Mbono, ya kwanza kati ya kona zetu tatu, alikuwa anarudisha gia ya pili ili ateremke taratibu. Hapo gari linanguruma mlima mzima unasikia. Akina mama wakaifanya ngurumo hiyo kuwa saa yao. Likinguruma kona ya kwanza, mtu anafunga gunia. Kona ya pili, anajitwika. Kona ya tatu, yuko kando ya barabara. Hakuna aliyepoteza asubuhi yake kusubiri gari. Kila mtu alilima mpaka dakika ya mwisho.

Kisha likaja goti. Goti la kushoto la Mama Namsifu lilianza kuvimba, daktari akamwambia, mama, klachi sasa basi. Alikuja gereji kwangu akakaa juu ya tairi bovu, machozi yanamtoka.

"Mshana," akaniambia, "wakinitoa kwenye usukani mimi nitabaki nani? Nitakuwa bibi wa kuota jua na kuuliza kama chai tayari."

Mwanawe Elifuraha, aliyekuwa fundi umeme Tanga, alisema mama ataendesha, liwalo na liwe. Akatuma giaboksi ya otomatiki, isiyohitaji klachi, kutoka kwenye pikapu iliyogongwa. Akatuma na vyombo vya kiyoyozi, maana joto la Same lilikuwa linampandisha mama yake presha. Na rangi nyeupe akatuma, makopo matatu.

Sisi Washana tumefua vyuma tangu mababu, lakini kazi ile ilinitoa jasho la mgongoni. Giaboksi mpya ilikuwa ndefu kuliko ya zamani, ikabidi nikate vishikizo vyake na kuvichomelea nyuma kidogo, na shafti nikaipeleka ikafupishwe. Kompresa ya kiyoyozi haikuwa na pa kukaa, nikaitengenezea kiti cha chuma ubavuni mwa injini. Dashibodi nikaitoboa matundu ya kupitisha hewa. Wiki tatu nzima! Pedeli ya klachi niling'oa nikamkabidhi Mama Namsifu mkononi, naye akaifunga kwenye leso kama kitu cha urithi.

Ningeishia hapo ningekuwa nimefanya jambo la maana. Lakini nilipokuwa chini ya gari niliitazama ile ekzosi, nikasema, aka, mtu hawezi kukaa kwenye ubaridi mzuri namna hii huku gari linakohoa. Nikamfungia nyingine isiyo na tundu, zawadi yangu. Nilipowasha injini, kuku aliyelala chini ya benchi hakufumbua hata jicho. Nilijisifu siku ile mpaka mke wangu akahamia kwa jirani.

Jumanne ikafika. Mama Namsifu akavaa kitenge kipya, akafunga vioo, akawasha kiyoyozi. Asubuhi, huku mlimani, ambako tunavaa masweta! Alitaka akina mama wakipanda waone maajabu. Akateremka kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Barabarani hapakuwa na mtu. Akawaona mashambani wanalima, akapunguza mwendo na kungoja wamsalimu, maana yeye ndiye mkubwa, na kwetu mdogo ndiye anayeamkia. Hakuna aliyeinua mkono. Alifika Same na gari tupu. Ijumaa ikawa vilevile.

Huku nyuma, tangawizi zilikuwa zinasinyaa majumbani, na akina mama wana hasira. Mke wangu aliniletea maneno ya kisimani. "Wanasema Namsifu amewatupa," akaniambia. "Mwanawe kampa raha, basi yeye hawajui tena wenzake."

Jumatatu Mama Namsifu alikuja gereji na leso yake. Akaifungua, akaiweka pedeli mezani kwangu.

"Rudisha," akasema.

"Nirudishe nini, mama?"

"Klachi yangu. Watu wamenikataa, Mshana. Wameona nimepata gari zuri, wakaona wivu."

"Na goti je?"

"Goti ni langu, acha liume. Gari zuri bila watu nitalifanyia nini?"

Nilimtazama mguu wake, umevimba, ndala haiingii vizuri. Roho iliniuma sana. Nikamwomba siku moja tu, kesho yake nishuke naye nione kwa macho yangu. Akakubali kwa shingo upande.

Basi Jumanne tukateremka, vioo juu, vina ukungu, mimi natetemeka kwa baridi ya kutengeneza mwenyewe. Tukapita Kona ya Mbono, tukapita ya pili. Kwenye ya tatu nikapangusa kioo kwa kiganja. Nikamwona Nangasu, yule binti aliyeolewa kwa akina Msuya, amesimama shambani hatua kumi kutoka barabarani. Gunia lake limefungwa, liko miguuni. Amekinga sikio kwa mkono, uso ameuelekeza juu mlimani, kule tulikotoka. Alikuwa anatusubiri, na tulikuwa tumeshafika.

Nikajua kosa ni la nani.

"Simama, mama! Simama! Shusha kioo umsalimu."

"Mimi?" Alifunga breki kwa nguvu. "Nimwamkie mimi mtoto niliyembeba mgongoni?"

"Hakujui."

"Ananijua tangu azaliwe!"

"Anaujua mlio wako, mama. Na mlio nimeuziba mimi. Rangi nimebadili mimi, vioo umefunga wewe. Huyu anasubiri gari la kijani linalonguruma."

Ile pedeli, aliyokuja nayo tena, ilikuwa kati yetu kwenye kiti, nami niliiangalia kwa wasiwasi, maana ni chuma. Kisha taratibu akaanza kuzungusha mkono wa kioo. Akatoa kichwa nje.

"Nangasu! Hujambo, mwanangu?"

Binti aliruka kama aliyekanyaga siafu. "Mama Namsifu! Shikamoo, mama! Umepewa lifti na nani?"

"Marahaba. Sijapewa lifti. Naendesha gari langu."

"Lako liko wapi?"

"Si ndilo hili!"

"Mama, hili si lako. Lako linakohoa!"

Mama Namsifu alicheka mpaka akalalia usukani, na honi ikalia yenyewe. Nangasu akaja mbio na gunia kichwani. "Jumanne natega sikio, Ijumaa natega sikio," akasema. "Nikaona gari jeupe la mtu nisiyemjua linapita. Tukasema umetutupa!"

"Na mimi nikasema mmenitupa," alijibu Mama Namsifu, na hapo kicheko kikageuka machozi. Wakashikana mikono kupitia dirishani, kiyoyozi kinapuliza barabara nzima.

Kuanzia pale safari ikawa sherehe. Kichwa nje, mkono nje, anaita kila nyumba kwa jina lake. "Kwa akina Mrutu, hamjambo! Bibi Nakajumo, umeamkaje! Ni mimi, Namsifu, hili jeupe ni langu!" Akina mama walitoka mbio na magunia hayajafungwa, tangawizi zinamwagika njiani, vigelegele huku na huku. Mimi nilihamishiwa nyuma juu ya magunia, na Bibi Nakajumo, mwenye miaka themanini, akapewa kiti cha mbele kwenye ubaridi. Baada ya kona mbili akajifunika kitenge mpaka kichwani na kuuliza, "Namsifu, hivi tunashuka Same au tunarudi mlimani?"

Gulioni tulifika tumechelewa, na bado kabla ya adhuhuri tangawizi zote zilikuwa zimekwisha. Tukiwa njiani kurudi nilimwambia kwa aibu, "Mama, kesho niletee gari niitoboe ile ekzosi."

"Thubutu!" akasema. "Miaka kumi na mmoja ekzosi imewaamkia watu kwa niaba yangu, nami nikadhani nawasalimu mwenyewe. Iache. Aliyebadili mlio, aanze yeye salamu."

Vioo vilikuwa wazi, akina mama nyuma walisikia. Kufika Ijumaa mlima mzima ulikuwa unayasema. Kijana akirudi na suti, anaambiwa. Binti akipata cheo, anaambiwa. Na Mama Namsifu bado anaendesha mpaka leo, goti lake limetulia.

Haya, nyamazeni kidogo. Mnasikia? Si gari, gari hamwezi kulisikia, nililifunga vizuri mno. Ni sauti yake, hiyo inakuja toka kona ya juu. "Hamjambo hapo kwa Mshana! Makande yameiva?"

Heriel, unakwenda wapi? Aa, mwacheni, mwacheni aende. Mtazameni, kavua miwani, anakimbia mpaka barabarani.

"Shikamoo, Mama Namsifu! Mimi ni Heriel, mtoto wa Elisante."

"Marahaba, mwanangu! Heriel wa Elisante? Na ndevu zote hizo? Mimi nilidhani Mshana kapata mchungaji mpya! Hebu njoo nikushike!"

Mmeona anavyokumbatiwa? Na nyinyi nyote mmeshasimama, mnataka kumkaribisha mtu aliyekaa hapa tangu asubuhi. Nendeni, lakini mmoja abaki apakue makande. Mama Namsifu anapenda yenye nazi. Aliyebadili mlio, aanze yeye salamu.