Ndugu Watatu wa Sikudhani

Niazimeni masikio, wenzangu, nami nitawaachia fundo mlifungue wenyewe.

Palikuwa na watu watatu waliopishana kila asubuhi kwenye stesheni moja bila kujuana. Mbwana alikuwa haoni. Aliuza vocha jukwaani pamoja na kaka yake, na wateja aliwatambua kwa vishindo vya miguu. Ngollo, mpagazi, alibeba magunia mawili ya mahindi kama abebaye mito. Tausi, mkunga mstaafu, alikuwa na sauti ambayo mzazi aliyekata tamaa akiisikia, hupata nguvu ya kusukuma mara moja tena.

Wa nne ni Sikudhani, mfua mashuka wa hotelini. Mumewe alikufa, mtoto hakujaliwa. Miaka kumi na mmoja alipanda treni ya saa kumi na mbili na nusu, behewa la tatu, akakaa dirishani asisemeshwe na mtu.

Siku hiyo mtu asiyemjua abiria hata mmoja aliacha begi chini ya kiti. Treni iliposimama kwenye stesheni ile, bomu likalipuka. Sikudhani alipozinduka, moshi ulikuwa umetanda na chuma kimemlalia mapajani. Alisikia simu za wafu zikiita, moja baada ya nyingine. Watu wa nyumbani wanawatafuta wapendwa wao. Yake haikuita.

"Humu hakuna aliye hai!" waokoaji walipaza sauti.

"Nyamazeni!" alisema Mbwana. "Kuna mtu anakwaruza." Alikuwa akimtafuta kaka yake, aliyeingia behewani kumpelekea mteja vocha. Akaufuata mkwaruzo, ukamfikisha kwa Sikudhani. Kaka yake alikuwa mwisho wa behewa lile lile. Walipomfikia, mwili ulikuwa bado una joto.

Ngollo hakungoja vyombo. Alikishika kile chuma upande uliokuwa unawaka, akakiinua, akakisukuma kando. Ngozi ya viganja ikabaki kwenye chuma. Mpaka leo vidole vyake havikunjiki.

Damu ikaruka kutoka mguuni mwa Sikudhani. Tausi, aliyekuwa amewafuata behewani, akajitupa chini, akaukaza mguu kwa kanga yake. Mara polisi wakapiga kelele: kuna begi jingine, tokeni wote!

"Toka, mama!"

"Nikimsogeza kabla sijafunga, atakwisha. Nendeni nyinyi." Akainama. "Jina lako nani, mwanangu?"

"Sikudhani."

"Usilale, Sikudhani. Niambie, mchicha unaupikaje kwako?"

Alimweleza, kitunguu mpaka nazi, kwa sauti ya kukatikakatika. Begi lile, kumbe, lilikuwa la nguo tu. Lakini Tausi hakulijua hilo.

Sikudhani alilazwa miezi miwili, mguu mmoja ukakatwa. Saa za kutazama wagonjwa aligeukia ukutani, wenzake wasimwone macho. Ndipo siku ya kuruhusiwa wakaja watatu, kila mmoja kwa njia yake, wakakutana kitandani pake. Muuguzi akaleta karatasi. "Huwezi kutoka peke yako. Andika jina la ndugu mmoja atakayekuchukua nyumbani."

Mbwana akasema, "Kwa kukufuata wewe, nilimkosa kaka yangu. Kitanda chake ni kitupu. Ukienda kwingine, mimi nitakuwa nimeokoa nani?"

Ngollo akasema, "Wewe huna mguu, mimi sina mikono. Tangu niache kubeba, wenzangu hawapiti tena kwangu. Tungesaidiana."

Tausi akasema, "Wanangu wako ng'ambo. Wewe nilikuita mwanangu, ukaitika."

Sikudhani akashika kalamu. Jana hakuwa na mtu. Leo aliogopa kuwapoteza wawili. Aliwatazama mmoja mmoja, machozi yakidondokea karatasi, na muuguzi amesimama anangoja.

Haya, jamani. Pasipo sikio la Mbwana, angefukiwa na wafu. Pasipo mikono ya Ngollo, angebaki chini ya chuma. Pasipo Tausi, angetolewa maiti. Mstari ni mmoja, jina ni moja. Je, wewe kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungemwandika nani?