Alikokuwa Tumpe

Hapo zamani za mkoloni, kule milimani, mke alikuwa na mwiko mmoja mzito: asikutane na baba mkwe wake. Akimsikia anakohoa njiani, ajifiche migombani mpaka apite. Tumpe aliushika mwiko huo miaka saba. Sasa sikilizeni, na msinikatize.

Siku moja mchana alimkuta mzee Mwaisumo, baba mkwe wake, ameanguka korongoni, mguu umevunjika. Tumpe alilia kwanza. Halafu akambeba mgongoni mpaka nyumbani kwa mzee.

"Mwanangu, usimwambie mtu," mzee akasema. Tumpe akaapa.

Mumewe, Ambakisye, alikuwa ng'ambo ya korongo anakata ndizi. Aliwaona, akageuza uso.

Mchana huohuo ghala la chifu likaungua, mlinzi akafia ndani. Tumpe alikuwa amegombana na chifu juzi yake. Akakamatwa.

Mahakamani hakimu akauliza kama ana alibi. Mkalimani, Asegelile, alipenda kuonyesha elimu yake.

"Neno la Kiingereza hilo, ila Waingereza walilichota kwa Warumi," akasema. "Kwa Kilatini ni 'mahali pengine', basi. Mahakamani ni ushahidi kwamba ulikuwa huko pengine. Na watu wakipiga soga tu, ni kisingizio. Haya mama, ulikuwa wapi?"

Tumpe alimtazama mumewe. Ambakisye akatazama vidole vyake. Nyuma kikasikika kikohozi anachokijua, na kwa mazoea Tumpe akainamisha kichwa. Aliomba moyoni anyanyuke mtu mmoja tu. Hakunyanyuka mtu.

"Sisemi," akasema.

Asegelile, keshachoka, akamgeukia hakimu: "Hana."

Tumpe akanyongwa.

Baada ya matanga wakaanza kutupiana lawama.

"Ukoo mzima ungenicheka," mzee alisema. "Nilidhani mume atasema."

"Nimvue baba yangu nguo mbele za watu?" Ambakisye akajibu. "Na mwenyewe si aliapa?"

Asegelile naye: "Kusema 'sisemi' na kutokuwa na alibi, kwa hakimu ni yaleyale."

Yaleyale! Mguu wa mzee uliunga vizuri. Anapita njiani anakohoa, na hakuna tena wa kujificha.

Hakimu msinitajie, yeye angalau aliuliza. Katika hawa waliobaki, na Tumpe mwenyewe mumhesabu mkitaka, je, nani alimuua?